Niko eda, na sindano ndiyo inayonishikilia. Niiweke chini?

Assalaam aleikum Shangazi, na shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 41, naishi Tanga mjini, upande wa Ngamiani. Mume wangu alifariki muda mfupi baada ya Maulidi. Alikuwa dereva wa malori, mtu wa safari, na presha alikuwa nayo siku nyingi. Alirudi usiku akiwa mzima, alfajiri akaanguka akienda kutawadha, na kabla ya adhuhuri alikuwa ametutoka. Sasa niko eda, ni kizuka, yaani mjane anayekaa ndani miezi minne na siku kumi, na nimepita nusu kidogo.

Kwa kazi mimi ni fundi cherehani. Nimepanga fremu karibu na soko, nashona magauni, sare za shule na mabaibui. Hitima ya siku ya tatu ilipokwisha, wakubwa wa pande zote mbili walinikalisha chumbani wakanieleza masharti. Nisitoke ila kwa dharura. Nisijipambe, nisijitie manukato, wanja wala hina, dhahabu nivue. Hayo nayajua tangu nikiwa msichana na nimeyapokea kwa moyo safi, kwa sababu ni amri ya Mungu na kwa sababu mume wangu alistahili heshima hiyo. Halafu yakaongezwa mengine ambayo sikuwahi kuyasikia kwa mama yangu: kioo kifunikwe, nisichungulie dirishani, simu ya mwanamume nisipokee hata kama ni mteja anaulizia nguo yake, na mikono yangu isishike kitu ila tasbihi na msahafu.

Mwanzoni hilo la mikono halikunisumbua. Nyumba ilijaa watu, mikeka imetandikwa mpaka uani, kila saa kuna mtu wa kulia naye. Arobaini ilipopita kila mmoja akarudi kwake, na sina wa kumlaumu, watu wana maisha yao. Mwanangu wa kiume yuko kidato cha tatu, binti yuko darasa la tano. Tangu asubuhi mpaka warudi shule tunabaki mimi na mama mkwe, ambaye hasikii vizuri na naye amefiwa na mwanawe. Nasoma juzuu yangu, naswali, naleta uradi, namaliza, na jua bado liko pale pale. Wakati mbaya kuliko wote ni alasiri. Hizo ndizo saa alizokuwa akipiga simu kutoka njiani kuuliza tumepika nini.

Siku moja nikitafuta shuka sandukuni nikakuta kofia ya viua niliyomwanzia mume wangu zamani, kabla ya kumpata binti. Ukanda wa pembeni ulikuwa umefika nusu, duara la juu halijaguswa. Kushona kofia alinifundisha marehemu mama yangu, nikaacha nilipoanza cherehani kwa sababu mashine ndiyo inayolisha. Nilikaa nayo mapajani, nikalia, kisha nikatafuta sindano. Tangu siku hiyo naishona, na nimekusudia iwe ya mwanangu.

Kofia ya viua haina haraka, Shangazi. Unachora kwa penseli, unatoboa, unazungushia uzi tundu mojamoja, na ukikosea hesabu ua zima linapinda. Kichwa kikiwa kwenye hesabu hakina nafasi ya kuzunguka. Kuna siku nashona kutwa. Kuna siku nafumua nilichoshona jana, kwa sababu mikono ilikuwa inatetemeka. Na usiku, watoto wakilala, naandika kwenye daftari la shule. Nilianza kwa kumwandikia mume wangu maneno ya kawaida, habari za nyumbani, lakini yamegeuka yenyewe kuwa beti za utenzi. Nasoma kwa kunong’ona nikihesabu mizani kwa vidole, na wakati mwingine usingizi unanijia daftari likiwa wazi.

Sasa shida. Wiki iliyopita binti yangu alikuwa amekaa nami ananikatia uzi, akanisimulia kituko cha darasani kwao, nikacheka. Nilicheka kwa sauti. Na kabla ya hapo nilikuwa nikiimba kimoyomoyo, kumbe sauti inatoka. Jirani alikuwa uani, amekuja kunijulia hali. Mbele yangu hakusema kitu. Jioni wifi yangu mkubwa akapiga simu: “Nasikia kizuka anaimba na kucheka. Kaka yangu udongo haujakauka, wewe umeshamsahau.” Akasema niweke sindano chini mpaka nitoke eda, na kwamba akija Ijumaa hataki kuikuta. Wifi huyu ndiye msemaji wa ukoo. Naye alikaa eda, kule Pangani, miaka imepita, na hulirudia sana hilo: “Mimi sikugusa hata sindano. Nilitazama ukuta mpaka siku zikaisha.” Naona hanipendi, na sasa amepata sababu.

Mama mkwe hajasema lolote. Siku ile ya simu nilikuwa nimeinama na kofia magharibi imeshaingia, akapita, akanitazama, akawasha taa, akaenda zake. Nimechukulia kwamba naye amechukizwa ila ananihurumia.

Tangu hapo kofia naificha chini ya godoro na nashona usiku wa manane kwa mwanga wa simu. Nikishona naona namuibia marehemu. Nisiposhona, alasiri inanikaba. Watu wote wanasema nimemsahau mume wangu, nami nimeanza kujiuliza kama ni kweli, maana ningekuwa na majonzi ya haki ningecheka vipi?

Na kuna jambo sijamwambia mtu. Mwanzo nilikuwa nahesabu siku za kutoka. Sasa nikizihesabu naingiwa na hofu. Huko nje kuna fremu, kodi, wateja, watu wa kunipa pole barabarani, na maisha yote bila yeye. Humu ndani nina kofia yangu na daftari langu. Je, niache kushona? Niendelee kwa siri? Au nimkabili wifi? Na hii hofu ya kutoka, ni kawaida?

Kizuka wa Tanga

*

Waaleikum salaam mwanangu, marahaba. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mungu amrehemu mumeo na awalee wanao. Umefiwa na mtu aliyekuwa akipiga simu kutoka njiani kuuliza mmepika nini. Hilo peke yake limenieleza ukubwa wa pengo lililobaki humo ndani.

Umeniuliza kuhusu sindano. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na naona sindano ni sehemu ndogo ya linalokuuma. Kinachokuuma ni lile neno, kwamba umemsahau. Neno hilo limekuingia mpaka umeanza kujishitaki mwenyewe usiku. Nimetafuta kwenye barua yako mahali ulipomsahau, sijapaona. Kofia uliianza kwa kichwa chake na unaimalizia kwa mwanawe. Beti zako ni za kwake. Saa inayokutesa ni saa yake. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama uache au uendelee, nakuomba uangalie upya baadhi ya mambo uliyoyachukua kama yamekwisha thibitika.

La kwanza ni kwamba watu wote wanasema. Katika barua yako wapo wawili: jirani aliyepeleka habari na wifi aliyezipokea. Inawezekana wapo wengine, lakini hukuwataja. Na yupo wa tatu ambaye umemweka upande wao bila yeye kusema neno. Mama mkwe wako alikukuta umeinama gizani na kofia ya mwanawe mkononi, akakuwashia taa. Umesoma hapo kuchukizwa kulikochanganyika na huruma. Mimi nikisoma naona mama aliyekuona unashona na akataka uone vizuri. Huenda nimekosea, maana sikuwepo. Lakini huyo ndiye mzazi wa marehemu, mnalala nyumba moja, na hujamuuliza. Usikivu wake mdogo usiwe sababu. Kaa karibu, mwekee kofia mapajani, mwache aishike.

La pili ni hilo la kucheka. Mwaka 1999 watafiti wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, walieleza kwamba mfiwa hatembei njia moja inayotoka kwenye kilio na kuishia kwenye kupona. Anakwenda na kurudi. Muda fulani anazama kumlilia aliyeondoka, muda mwingine anashughulika na maisha yaliyobaki, na muda mwingine anapumzika hata na huzuni yenyewe. Kwa maelezo yao, kwenda na kurudi huko ndiko kuomboleza kwenyewe. Wala hukuhitaji Wazungu kukuambia hivyo. Msiba wowote wa kwetu, wanawake wakikaa pamoja mkekani, kuna saa ya kilio na kuna saa mtu anakumbuka kituko cha marehemu, watu wakacheka huku wanafuta machozi. Hakuna anayesema wale wamemsahau. Wewe ulicheka peke yako na mwanao, mkeka ukiwa umeshakunjwa. Na huyo binti naye amefiwa na baba. Nadhani kusikia mama yake anacheka kulimpa kitu ambacho wewe hukukiona.

Nikija kwenye dini, mimi si mwanachuoni na fatwa si kazi yangu. Nitakukumbusha yaliyo mashuhuri tu, ili ukimwendea anayejua uende na maswali yaliyonyooka. Muda wa miezi minne na siku kumi umo katika sura ya Al-Baqara, aya ya 234. Mambo ya kujizuia nayo yamo katika hadithi ya Umm Atiyya, iliyomo kwa Bukhari na Muslim: nguo za kutiwa rangi za kujipambia, wanja, manukato. Kukaa katika nyumba ya mume kumo katika kisa cha Furay’a binti Malik, ambaye mumewe aliuawa na Mtume, rehma na amani zimshukie, akamwambia abaki nyumbani kwake mpaka muda utimie. Katika hayo kazi ya mikono haikutajwa. Kioo nacho hakimo, wala dirisha.

Kuna hadithi nyingine kwa Muslim, ya khaloo wa sahaba Jabir, yaani dada wa mama yake. Yeye alikuwa eda ya talaka, siyo ya kufiwa, kwa hiyo usiichukue kama ilivyo bila kuuliza. Alitaka kwenda kuvuna tende zake, mtu mmoja akamkaripia kwa kutoka. Alipofika kwa Mtume akaambiwa aende akavune, huenda akatoa sadaka au akafanya jema. Naipenda hadithi hii kwa sababu wa kukaripia alikuwepo hata wakati ule, na mwanamke hakubishana naye. Alikwenda kuuliza penye elimu.

Na ipo riwaya inayopokewa kutoka kwa Mujahid, mwanachuoni wa zamani, kuhusu wajane wa Uhud, vita vya mwaka 625. Walilalamika kwamba usiku wanaingiwa na upweke, wakaomba walale pamoja kwa mmoja wao. Wakaambiwa wakusanyike wazungumze nyumbani kwa mmoja wao watakavyo, na wakitaka kulala kila mmoja arudi kwake. Wanachuoni wanasema mlolongo wa upokezi wake una pengo, lakini wapo waliojengea juu yake. Tazama kilichokuwa kinalalamikiwa. Ni upweke. Wanawake wale waliusema wazi na hakuna aliyewaambia ni upungufu wa imani.

Nimelikazia hili kwa sababu naona umeutafutia upweke wako dawa moja tu, ya mikono. Mikono inasaidia, sikatai. Lakini umeandika kwamba tangu asubuhi mpaka jioni ni wewe na bibi asiyesikia vizuri, na hukusema hata mara moja kwamba umemwomba mtu aje. Watu baada ya arobaini hukaa mbali wakidhani wanakupa nafasi. Huenda kuna mwanamke mmoja mnayeelewana, hata fundi mwenzako, ambaye angeweza kuja alasiri moja au mbili kwa wiki na kazi yake mkononi, asuke ukili wake, akate vitambaa vyake, nawe ushone. Saa yenyewe iwe ile ile inayokukaba. Mtu akiwepo hata mazungumzo si lazima.

Sasa nikugeukie wewe kidogo. Umesema kichwa kikiwa kwenye hesabu hakina nafasi ya kuzunguka. Hiyo ni rehema, na pia ni jambo la kuliangalia. Kazi inaweza kumbeba mtu mpaka ng’ambo, na inaweza kumzuia asiingie majini kabisa. Tofauti huwezi kuiona kwa kutazama kofia. Utaiona siku utakapoiweka kando kwa hiari yako. Chagua alasiri moja ambayo binti yupo, usishone, usiandike, uiache ile saa ya simu ipite juu yako. Ukilia, umelia. Kama unaweza kukaa nayo kisha ukarudi kwenye uzi, naona unashona huku unaomboleza. Kama huwezi kabisa, kama mikono inatafuta sindano kwa woga, basi kuna kilio kinachosubiri zamu yake, na ni bora kikupate ukiwa na mtu karibu kuliko kikukute peke yako siku ya kutoka.

Njia ulizoziona ni tatu, na kila moja ina gharama yake. Ukiacha, utapata amani na wifi, angalau kwa sasa. Wapo wanawake ambao kuacha kila kitu na kubaki na Kurani kuliwatuliza kweli, na siwezi kusema wewe si mmoja wao, ingawa barua yako inaonyesha ulikwisha kujaribu kabla ya kuikuta kofia. Hatari yake ni kwamba utaacha ukiwa na kinyongo, na kinyongo cha eda hukaa sana. Ukiendelea kwa siri, hakuna ugomvi, lakini angalia kilichotokea ndani ya wiki moja tu: kazi iliyokuwa inakupumzisha sasa inakufanya ujione mwizi, usingizi umekatika, na macho yako ndiyo mtaji wako wa ufundi, unayamaliza kwenye mwanga wa simu. Watoto nao wanajua. Watoto hujua kila kilichofichwa chini ya godoro.

Kumkabili wifi kuna hatari kubwa zaidi kama utakwenda na hoja mkononi, hata hizi nilizokupa. Ukimsomea hadithi, atasikia unamwambia hajui dini, na yeye amefiwa na kaka. Hapo nataka turudi kwenye maneno yake, yale unayosema huyarudia sana. Alitazama ukuta mpaka siku zikaisha. Wewe umeyasikia kama majigambo. Je, kuna aliyewahi kumuuliza ilikuwaje? Mwanamke aliyekaa miezi minne na siku kumi akitazama ukuta, akaambiwa hiyo ndiyo heshima, akimkuta mjane mwingine anashona na binti yake wanacheka, anaweza kuumia mahali ambapo hata yeye hapajui. Huenda anakuonea wivu. Huenda anaogopa kwamba yote aliyoyavumilia hayakuhitajika. Huenda pia ni mkali tu na mimi namtafutia udhuru. Lakini umesema hakupendi kana kwamba ndiyo maelezo pekee, na sidhani kama ni pekee.

Kwa hiyo ipo njia ya nne, nayo pia haina uhakika. Akija Ijumaa, asiikute kofia imefichwa na asiikute imepangwa mbele kama ushahidi. Mpokee kama mgeni wa msiba, maana ndivyo alivyo. Muulize habari za eda yake ya Pangani, uulize kwa kutaka kujua, umwache aseme mpaka amalize. Likija suala la sindano, mwonyeshe kofia na mwambie ilianzwa kwa nani na inakwenda kwa nani. Inawezekana akalia. Inawezekana akakasirika zaidi, akasema umemtega. Likiwa hili la pili, usijibizane. Mwambie mtamuuliza ustadhi pamoja, na jibu litakalotoka mtalifuata wote wawili. Bora zaidi mama mkwe awepo, kama utakuwa umeshazungumza naye. Neno la mama wa marehemu lina uzito kuliko langu na lako.

Utenzi wako ni jambo jingine, na ningependa ulitenge. Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mjane kama wewe. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, alifariki mwaka 1856, naye alitunga utenzi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake. Uliandikwa kwa mtoto mmoja wa nyumbani, na mpaka leo unasomwa. Sikwambii hivyo ili ujione mshairi mkubwa. Nakwambia ili ujue kwamba mjane kukaa ndani na kupanga mizani si kioja kipya katika pwani yetu. Ila daftari lina siri kuliko kofia. Yumkini umeandika humo mambo ya mke na mume, au ya hasira, maana hasira nayo imo kwenye majonzi. Usimpe mtu kwa haraka na usilichome kwa haraka. Litunze mahali pako, na uamuzi wa nani alisome uuache mpaka utoke na miezi ipite. Vivyo hivyo kwa karatasi yoyote ya mali utakayoletewa utie sahihi ukiwa ndani. Mirathi ina hesabu yake na fungu lako limo, lakini isaini ukiwa umeielewa, na mtu unayemwamini awe pembeni.

Ile hofu ya kutoka ndiyo iliyonigusa zaidi, kwa sababu uliiweka mwisho kama kitu cha aibu. Si aibu. Nyumba imekukinga. Humo ndani hakuna anayekutarajia uwe yule yule wa zamani, na kule fremuni kila mteja atamtarajia. Siwezi kukuambia itakwisha lini. Ninachokiona ni kwamba sasa hivi nje na ndani vimetengana kabisa, na siku ya kutoka utavuka kwa mkupuo mmoja. Unaweza kupunguza umbali huo ukiwa bado ndani. Mwite fundi mwenzako akueleze hali ya fremu: kodi imelipwa mpaka lini, nguo za nani zimekwama, wateja gani wamekata tamaa. Wateja wa kiume mwanao anaweza kuwapokelea simu, na kijana wa kidato cha tatu aliyefiwa na baba naye huenda anatamani apewe kitu cha kufanya. Muulize ustadhi kama unaweza kukata na kushona kazi chache humo humo nyumbani, na kama kuuza kuna tatizo. Hapo uelewe kwamba maneno yataongezeka. Mjane akishona kofia ya mwanawe watu husema. Akishona kwa pesa husema zaidi, hata kama ada ya shule ndiyo inayomsukuma. Pima kama una nguvu za maneno hayo sasa hivi, au kama kodi inaweza kusubiri.

Na ukitoka, si lazima urudi kutwa nzima. Nusu siku inatosha, na kofia unaweza kwenda nayo.

Jambo la afya silipiti. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika mwaka 2022 unayo majonzi yanayohesabiwa kuwa ugonjwa, lakini haumhesabu mtu hivyo mpaka ipite angalau miezi 6, na hata hapo huangalia desturi za watu wake. Kwa hiyo kulia, kucheka, kufumua uzi na kuogopa, kwa mwanamke aliye katikati ya eda, havikufanyi mgonjwa. Lakini ukifika mahali chakula hakipiti, usingizi hakuna kwa siku nyingi mfululizo, au ukaanza kutamani umfuate mumeo, hapo mwambie mtu mzima siku hiyo hiyo na upelekwe hospitali. Kutoka kwenda kutibiwa ni dharura, na nimekwishakuona mwenyewe kwenye barua kwamba dharura waliiruhusu tangu siku ya kwanza.

Kabla ya Ijumaa, kama utaweza mambo mawili tu, basi zungumza na mama mkwe, na mtume mwanao kwa ustadhi akiwa na maswali yako yameandikwa: kushona nyumbani, kuuza, kukusanyika na wanawake wenzako alasiri, na lile la kioo. Andika majibu yake kama alivyoyasema, bila kuongeza. Lolote utakaloamua baada ya hapo, uamue mchana, taa ikiwa imewashwa na watoto wanaona. Kama Ijumaa itakwenda vibaya, niandikie tena.

Shangazi